Mkono wa Kuazima

Jumatatu, 5 Mei 1997

Siku mbaya. Ilianza vizuri, na hilo peke yake lingetosha kunionya.

Mandazi matatu ya Shangazi Lenah, chai ya maziwa, nikatoka mtaani kwetu, Tena, nikipiga mluzi. Mwaka mzima wa kusoma uuguzi darasani umekwisha, na mimi, Patrobas Opicho, ni wa nne katika darasa la watu thelathini na mmoja. Wa kwanza ni Ng'ang'a. Sitaki kumzungumzia. Wiki mbili zijazo tunaingia wadi. Wagonjwa wa kweli. Sare nyeupe. Saa ya kuning'inia kifuani.

Saa nne Sista Ayuma, anayesimamia mafunzo ya wadi, akabandika karatasi ubaoni na kuisoma kwa sauti, kana kwamba sisi hatujui kusoma. Tarehe kumi na tisa, hakuna atakayevuka lango la hospitali bila vitu vitatu. Beji ya chuo yenye picha. Nakala ya kitambulisho cha taifa. Kadi ya chanjo iliyopigwa muhuri wa zahanati: sindano moja ya pepopunda, na sindano ya kwanza ya homa ya ini, ile ya aina ya B. Atakayekosa kimoja atarudi nyuma mwaka mmoja, asome na wale wanaoingia Septemba.

Sindano mbili. Mimi.

Niandike hapa jambo ambalo hakuna mtu Nairobi analijua. Naogopa sindano. Si kudunga. Nimedunga machungwa arobaini darasani na mkono haukutetemeka hata mara moja. Ninachoogopa ni kudungwa. Nikiwa darasa la tatu kule Kimilili, manesi walikuja shuleni na masanduku yao, nami nikatorokea dirishani, nikakaa kwenye mahindi mpaka jioni. Wakaandika kwamba sikuwepo. Tangu siku hiyo hakuna aliyenidunga. Malaria mara sita, zote kwa vidonge.

Ng'ang'a akainua mkono. Akauliza kama kadi ya mwezi uliopita inakubaliwa, maana yeye alichanjwa Aprili, aliona ni busara kujitayarisha. Sista akasema angependa sote tuige mfano huo. Darasa zima likamtazama Ng'ang'a. Mimi nikatazama dari.

Jumanne, 6 Mei

Nimeamka nimeamua kuwa mwanamume.

Saa mbili nikawa kwenye benchi la zahanati tuliyoelekezwa, upande wa Donholm. Mbele yangu akina mama watano na watoto wao. Kila mtoto aliingia akicheka na kutoka akilia. Mmoja wa miezi mitatu hivi alinitazama begani mwa mama yake kama mtu anayetaka kunionya ila hajajua kusema.

Nilipofika wa tatu mlango ukafunguka na nikaiona. Kwenye kibeseni. Inang'aa.

Nikaanza kupima umbali wa kutoka nje. Ndipo karani wa mezani akauliza iko wapi beji yangu ya chuo. Nikasema bado haijatengenezwa. Akasema wanafunzi hawachanjwi bila beji, kwa sababu mwaka jana mmoja alileta ndugu zake wanne, nirudi nikiwa nayo. Nilimshukuru kwa mikono yote miwili. Akashangaa. Pengine ndiye karani wa kwanza kushukuriwa kwa kumfukuza mtu.

Nikiwa njiani kurudi wazo likanijia. Yule karani hakunitazama usoni hata kidogo. Alitafuta beji. Kwa zahanati ile, Patrobas Opicho ni yeyote atakayevaa beji ya Patrobas Opicho.

Nikanunua mahindi ya kuchoma nikajipongeza.

Jumatano, 7 Mei

Nimeenda Mukuru kwa Reuben kumwona Shitanda, mtoto wa mjomba wangu. Ni kibarua katika kiwanda cha misumari huko Industrial Area, na leo hakuitwa kazini. Nimemkuta akifua shati.

Watu husema tumefanana. Ni kweli. Paji la uso la babu tumegawana sawasawa. Tofauti ni kwamba yeye ana masharubu mazito na mimi sina hata unywele, na tena yeye haogopi kitu. Misumari humchoma kila wiki, hujifunga kitambaa na kuendelea.

Nikamweleza mpango. Aende zahanati na beji yangu, adungwe mara mbili, alete kadi. Shitanda akacheka mpaka akakaa juu ya mtungi wa maji. Akauliza hivi nesi anayeogopa sindano anafanana na nani, na mchinjaji anayeogopa ng'ombe? Nikasema si woga, ni hali ya mwili. Nikamwambia pia kwamba chanjo haitapotea, itaingia katika mwili wa Mkenya mwenye damu ya kwetu. Nilieleza vizuri sana, karibu nijishawishi mwenyewe.

Akakubali kwa sharti moja: avae koti langu la Jumapili, lile la kijivu. Hataki kuingia mahali penye manesi akinuka grisi.

Nikamwomba anyoe masharubu ili afanane na picha. Akasema masharubu hayo yamemchukua miaka mitatu. Hayanyolewi.

Basi. Kama mlima hauji kwangu, nitaota masharubu mimi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimepigwa picha kwa Kabiru, mwenye studio Donholm. Kabla ya kuingia nilisimama nyuma ya kibanda na kioo kidogo na wanja wa Shangazi, nikajichora. Nilichora upande wa kulia vizuri. Upande wa kushoto ukazidi, nikaongeza kulia, kulia kukazidi. Nikaacha nilipoanza kufanana na chifu.

Kabiru alinitazama kwa muda akauliza kama nina hakika. Nikamwambia apige. Akaniambia nitabasamu. Nikamkatalia, maana Shitanda ana mwanya.

Nakala ya kitambulisho cha taifa nayo nimetoa mtaa wa Umoja, kwenye mashine iliyokuwa ikiugua. Uso wangu umetoka mweusi kama sufuria. Hata mama yangu hangenijua. Safi kabisa.

Jumatatu, 12 Mei

Beji zimetoka. Zimefunikwa kwa plastiki, zina pini nyuma. Yangu inatisha.

Ng'ang'a akaiinua, akaitazama, akauliza ni lini nilikuwa na masharubu. Nikasema likizo ya Aprili. Akasema likizo ya Aprili tulikuwa pamoja kila siku kwenye maktaba. Nikasema yalikuwa ya jioni. Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi.

Nyumbani nimekuta Shangazi amemaliza kushona sare yangu. Yeye ni fundi wa cherehani, na hii ameishona baada ya kazi zake zote, mshono mara mbili kwenye mabega. Akanivalisha, akanigeuza, akarudi nyuma kunitazama. Akasema Jumapili atawaambia akina mama wa kanisa waniombee. Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kuingia hospitali bila kuugua.

Sikumaliza ugali wangu vizuri. Nilikula nusu ya pili polepole.

Jumanne, 13 Mei

Imekwenda! Niandike tena: imekwenda.

Nilimsubiri Shitanda kwenye kona ya barabara tangu saa mbili. Saa tatu hajatoka. Saa nne hajatoka. Nikaanza kufikiria kuhama mji. Saa tano akaja akitembea polepole, koti langu begani, uso wake kama wa mtu aliyetoka arusini. Kadi mkononi. Muhuri mwekundu. Pepopunda, mkono wa kulia. Homa ya ini, mkono wa kushoto. Jina: Patrobas Opicho.

Nikauliza kwa nini amechelewa. Akasema alikuwa akizungumza na nesi. Nikauliza wamezungumza nini kwa saa mbili nzima. Akasema mambo ya afya.

Sikuuliza zaidi. Nilikuwa nikiibusu kadi.

Jumatano, 14 Mei

Darasani kila mtu analalamika juu ya mkono. Fulani hawezi kuandika, fulani hakulala. Nikaona nami lazima niumwe. Nikashika mkono wa kulia nikaguna. Kila aliyepita nikamgunia.

Sista Ayuma akasimama mbele yangu akauliza ni sindano ipi inayoniuma. Nikasema ya homa ya ini. Akafungua kadi yangu, akasoma, akasema hiyo nilidungwa kushoto. Nikasema maumivu yamehamia. Akaniandikia kitu kwenye kidaftari chake. Ng'ang'a akageuka kunitazama. Ana tabia ya kugeuka.

Jioni nikapata habari kwamba mkono wa Shitanda umevimba kweli na leo ameshindwa kubeba katoni za misumari. Msimamizi amempeleka kufagia. Nimemtumia salamu za pole. Ndiye amevimba, ndiye Opicho. Mimi ni mtazamaji tu.

Ijumaa, 16 Mei

Mambo mawili, moja baya na la pili baya zaidi.

La kwanza. Sista Ayuma ametangaza kwamba Jumatatu nesi wa zahanati atakuja langoni na daftari lake la chanjo. Atalinganisha kila kadi na kila mwanafunzi. Sista alisema hivyo akinitazama mimi, au labda dirisha lililo nyuma yangu.

Nikajituliza. Nesi huona mikono mia kwa siku. Nani anakumbuka uso?

La pili. Jioni Shitanda akaja Tena. Ameoga, amejipaka mafuta. Anataka koti tena, Jumapili alasiri. Nikauliza la nini. Akasema anaenda kutembea na Jacky. Nikauliza Jacky ni nani. Akasema ndiye nesi aliyemdunga.

Nikakaa chini.

Jacky anamkumbuka. Jacky anamkumbuka vizuri sana. Jacky anamjua kama Patrobas Opicho, mwanafunzi wa uuguzi, mtu mpole asiyepepesa jicho akidungwa. Shitanda akaniomba nimfundishe maneno matatu ya kihospitali, ya kutumia Jumapili. Nikamfundisha "mapigo ya moyo," "shinikizo la damu" na "dozi." Nilifanya hivyo kwa hasira, lakini nilifanya. Sijui nilikuwa nikifikiria nini.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani Shangazi Lenah alinisimamisha mbele katika sare. Akina mama kumi na wawili wakaniwekea mikono. Mmoja akaomba nilindwe na magonjwa yote ya wadi, yanayoonekana na yasiyoonekana. Waumini wakasema amina. Nikasema amina pia, kwa sauti ndogo. Maombi yale yalinigusa mahali ambapo sindano ilipaswa kunigusa. Kwa dakika mbili nzima nilifikiria kwenda zahanati kesho alfajiri na kusema yote.

Kisha wakaimba, nikasahau.

Baada ya chakula nimepata jibu. Jacky anamtafuta mtu mwenye paji la uso la babu na masharubu. Paji ninalo. Wanja upo.

Jumatatu, 19 Mei

Naandika mchana, nimerudishwa nyumbani.

Saa kumi na mbili na nusu nilijichora kwenye choo cha soko, nyuma ya mlango usiofungika, mguu mmoja ukiuzuia. Kazi safi kuliko ya kwanza. Mama mmoja muuza ndizi aliponiona natoka alinisalimu shikamoo. Nikapata moyo.

Langoni tulipanga foleni. Jua lilikuwa limeamka kabla yetu. Mlinzi ni Abdiqadir, mtu mrefu, mtaratibu, anayeshika kila beji na kuiweka karibu na uso wa mwenyewe kama mtu anayenunua kitambaa. Kando yake Sista Ayuma. Kando ya Sista, mezani, msichana wa rika langu mwenye daftari kubwa. Jacky.

Foleni ikasonga polepole. Nikaanza kutoka jasho. Nikajiambia nisitoke jasho. Jasho likazidi. Nilihisi kitu kikishuka taratibu kuelekea mdomoni. Ng'ang'a, aliyekuwa mbele yangu, akageuka, kama kawaida yake, akanitazama, akafungua mdomo, akaufunga, akageukia mbele.

Zamu yangu. Abdiqadir akatazama beji. Akanitazama. Kisha kwa upole kabisa akatoa leso yake mfukoni akanipa.

"Futa jasho, ndugu yangu," akasema.

Ningefanya nini? Nikafuta. Abdiqadir akatazama leso. Akatazama beji. Akatazama mdomo wangu, ambao ulikuwa umebaki na nusu ya sharubu upande wa kushoto. Akamwita Sista kwa sauti ya chini, bila kunidhalilisha. Nitamkumbuka kwa hilo.

Jacky akasimama kuangalia beji. Akasema anamjua Patrobas Opicho, na huyu siye. Opicho ana mwanya. Opicho na yeye jana walikunywa soda pamoja, na alimwambia kwamba mapigo yake ya moyo yana shinikizo la dozi.

Watu thelathini walisikia.

Sista Ayuma akanipeleka kwenye chumba kidogo kando ya lango. Nilitarajia makelele. Hakupiga kelele. Nikasema yote, tangu mahindi ya Kimilili mpaka wanja. Nilipomaliza akanieleza habari ya msichana aliyesoma naye. Walikuwa wakilala vitanda jirani. Mwaka wa pili msichana yule alijichoma kidole na sindano iliyotoka kwa mgonjwa. Tone dogo, akalifuta, akaendelea na kazi. Siku hizo hapakuwa na chanjo. Miezi mitatu baadaye macho yakawa ya njano. Krismasi haikumkuta.

"Mkono wa kuazima unamkinga mwenye mkono, Opicho," akasema. "Wewe haukukingi."

Nikafuta nusu ya sharubu iliyobaki.

Akasema anaweza kuniandikia barua ya kufukuzwa na hakuna atakayemlaumu. Lakini amesahihisha karatasi zangu mwaka mzima na angependa kuona nitakuwa nini. Kesho saa mbili darasani. Nilete mkono wangu mwenyewe, au nisije kabisa.

Nikamweleza Shangazi. Alikuwa akishona. Mguu ukasimama kwenye cherehani. Akaniambia nimletee ule wanja. Nikamletea. Akautazama ulivyobaki, akautupa kwenye taka, akaendelea kushona. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Kesho nitakupikia uji mapema. Usidungwe na njaa."

Jumanne, 20 Mei

Niliamka na joto. Nikajipima. Sikuwa na joto.

Darasa zima lilikuwa limekaa. Sista Ayuma ameandika ubaoni: Kudunga sindano kwenye msuli, somo la vitendo. Kiti kimoja mbele. Changu. Jacky naye alikuwepo na sanduku la barafu lenye chanjo. Hakunisalimu.

Sista akasema mwanafunzi bora ndiye atakayedunga ya kwanza. Ng'ang'a!

Akaja na kibeseni. Nikafumba macho nikangoja. Nikangoja tena. Nikafumbua jicho moja. Jasho lilikuwa likimtiririka Ng'ang'a kuliko langu la jana. Sindano ilikuwa ikitetemeka kama jani. Akaniinamia akaninong'oneza kwamba hajawahi kumdunga mtu. Machungwa tu. Na machungwa hayamtazami.

Sijui nini kiliniingia. Nadhani ni woga wenyewe, maana sindano inayotetemeka ni mbaya kuliko iliyotulia. Nikaanza kumwelekeza polepole, kama kwenye kitabu. Pangusa. Vuta ngozi. Shika kama kalamu. Nyoosha. Sasa, moja kwa moja, haraka.

Akadunga.

Ikaisha. Ndiyo hiyo? Miaka kumi na minne nimeikimbia hiyo? Siafu wa Kimilili anauma zaidi. Ng'ang'a akanitazama kama mtu aliyevuka mto, akaniambia asante. Mkono wa pili akanidunga Jacky mwenyewe, haraka, kama anayebandika stempu.

Darasa likapiga makofi. Nikasimama kutoa hotuba fupi juu ya ujasiri. Nilikuwa nimefika kwenye neno "wenzangu."

Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni na Ng'ang'a ameinua miguu yangu juu, kama tulivyofundishwa. Aliishika vizuri. Lazima nikiri.

Jumatano, 21 Mei

Beji mpya. Picha mpya. Nimetabasamu.

Baada ya masomo nimeenda kumwomba Shitanda msamaha. Nilimkuta akipiga mluzi. Jacky alikuja hadi Mukuru kumtafuta jana jioni, na si kwa ugomvi. Akamwambia aliona tangu mwanzo kwamba mikono ile haifanani na ya mwanafunzi. Ina makovu ya misumari kila kidole. Alidhani tu ni mwanafunzi aliyewahi kufanya kazi ngumu. Kilichomuudhi ni kwamba daftari lake lilikuwa na uongo ndani yake, na yeye hajawahi kuandika uongo.

Basi amelifuta jina langu, akaandika Shitanda. Amempa kadi yake mwenyewe. Sindano ya pili ni tarehe kumi na tatu Juni, na amemwambia asikose. Shitanda ameitundika ukutani, kando ya kalenda. Akaniuliza neno "dozi" maana yake ni nini hasa, kwa sababu Jacky hucheka kila akilitaja.

Koti hajarudisha. Sikudai.

Alhamisi, 22 Mei

Nimeingia wadi.

Abdiqadir aliishika beji, akaiweka karibu na uso wangu, akachukua muda wake. Kisha akanifungulia.

Nilipangiwa chumba cha mwisho, chenye mapazia mazito. Mgonjwa ni Mzee Okoth, fundi wa masanduku ya bati. Alikanyaga msumari mwezi uliopita, akaufuta mguu kwa kitambaa, akaendelea na kazi. Ni pepopunda. Taya limejifunga, mgongo umekakamaa. Hawezi kuvumilia mwanga wala kelele. Mlango ukigongwa tu mwili wote unashikwa na mkazo. Kazi yangu ilikuwa kukaa naye gizani, kuhesabu pumzi zake, na kunyamaza.

Nilinyamaza saa tatu. Shangazi hataamini.

Kila mara alipofumbua macho alinitafuta, akaniona, akayafumba tena. Sista wa wadi akaninong'oneza kwamba anaendelea vizuri, atapona, ingawa wiki mbili zilizopita walikuwa hawana hakika. Nilimfikiria Shitanda na vitambaa vyake vidoleni. Mikono yangu yote miwili ilikuwa ikiuma, na kwa mara ya kwanza sikuguna.

Nilipotoka nilimkuta Ng'ang'a nje akinawa. Akauliza mgonjwa wangu anaendeleaje. Nikamwambia. Tukatembea pamoja mpaka barabarani. Si mtu mbaya, ukimzoea. Ni vile tu anatangulia.

Naandika hapa ili nisisahau: tangu leo mimi ni mtu mwingine. Kila kinachotakiwa nitakifanya kwa njia iliyonyooka, kwa wakati wake, kwa mwili wangu mwenyewe.

Jumamosi, 24 Mei

Jana jioni Sista Ayuma alibandika karatasi nyingine. Kabla ya mwisho wa Agosti kila mwanafunzi awe ameshuhudia watoto watano wakizaliwa, kila mmoja kwa sahihi ya mkunga. Zamu za wadi ya uzazi zinaanza saa kumi na moja alfajiri. Ng'ang'a amekwisha kujiandikisha kwa saba.

Nimeisoma karatasi hiyo mara nne. Nimegundua kitu ambacho wengine hawajakiona. Haikusema akina mama watano. Imesema watoto watano.

Mapacha ni watoto wawili. Mapacha mara mbili ni wanne. Kuamka mara tatu tu badala ya tano! Kinachohitajika ni kuwatambua mapema wenye mapacha na kuhakikisha wanajifungua katika zamu yangu. Hili haliwezi kuitwa udanganyifu. Ni mipango.

Nimeanza leo asubuhi. Mama wa ghorofa ya chini: mmoja tu, amesema ameambiwa hivyo kliniki, na akaniuliza inanihusu nini. Mama wa kona ya pili: hajui, mumewe akatoka nje kunitazama, nikaaga. Kisha nikaenda kwa Waruguru, anayeuza mboga za sukuma wiki karibu na kituo cha Tena. Tumbo kubwa kweli. Watatu, nikajiambia, wasipungue watatu. Nikamsalimu kwa heshima zote, nikamuuliza ni mwezi wa ngapi na kama angependa kujifungua siku ya Jumanne.

Waruguru hana mimba.

Shangazi amenikanda bega kwa maji moto. Fungu la sukuma ni zito kuliko mtu anavyodhani. Kesho baada ya kanisa nitajaribu Donholm.